Shaaban Robert: Karani Aliyebaki Karani

Wasomaji wengi wa ukurasa huu wanamfahamu marehemu Shaaban Robert kwa mashairi na hadithi zake. Tumemsoma shuleni, tumewasikia wazee wakimsifu barazani, na wako wanaomlinganisha na Shakespeare wa Waingereza. Leo sikusudii kuueleza ushairi wake, kwani wako mabingwa wa kazi hiyo. Nakusudia kueleza habari za kazi iliyomlisha yeye na watoto wake kwa zaidi ya miaka thelathini, nayo ni ukarani katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Aliingia kazini akiwa karani, na akatoka kazini akiwa karani.

Sababu ya kuichagua habari hii ni jambo lililonipata mwenyewe, nami sioni haya kulitaja. Mimi ni mtu wa Vanga, mpakani, ambako mji wa Tanga uko karibu kuliko Mombasa. Rizki imenileta bara. Natimiza sasa miaka kumi na mmoja nikiishi Kamere, kitongoji cha wafanyakazi kilicho kusini mwa Ziwa Naivasha, katika Bonde la Ufa. Huku ni nchi ya mashamba ya maua. Mawaridi hukatwa asubuhi, hupangwa katika masanduku, na hupelekwa Nairobi yakapande ndege kwenda Ulaya. Usiku baridi ni kali kwa mtu aliyelelewa na joto la kaskazi, na viboko hutoka ziwani kuja kula majani. Ukitazama upande wa Olkaria unaona mvuke ukifuka kutoka ardhini, ambao ndio unaozungusha mitambo ya umeme.

Mimi ni karani wa stoo katika shamba mojawapo. Kazi yangu ni kuandika mbolea, dawa, waya na masanduku, kinachoingia na kinachotoka. Mwaka jana msimamizi wetu wa stoo alistaafu, nami nikakaimu nafasi yake kwa muda wa miezi minne. Kila mtu, nami nikiwa wa kwanza, alidhani kuwa nafasi ile ni yangu. Siku lilipobandikwa tangazo, jina lililoandikwa lilikuwa la kijana ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kuandika leja. Hakuna aliyeniita kunieleza sababu.

Ndugu msomaji, aliyepata kurukwa namna hiyo anajua kuwa uchungu wake si wa mshahara peke yake. Ni uchungu wa macho ya watu. Wenzako wanaokuonea huruma wanakuumiza, na wasiokuonea huruma wanakuumiza pia. Jioni ile nilimpigia simu mke wangu Vanga nikamwambia kuwa habari bado haijatoka. Nilisema uongo. Na kazini nilifanya jambo baya zaidi ya hilo, ambalo nitalieleza mwisho wa makala haya.

Katika siku hizo nilikitoa sandukuni kitabu cha Maisha Yangu, nilichoachiwa na marehemu baba. Nilipokuwa kijana nilikisoma ili nifaulu mtihani. Safari hii nilikisoma kama karani anayesoma habari za karani mwenzake, na nikaona mambo ambayo mwalimu hakunionyesha.

MTOTO WA VIBAMBANI

Shaaban bin Robert alizaliwa tarehe 1 Januari, 1909, katika kijiji cha Vibambani, karibu na Tanga. Wakati huo Tanganyika ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Robert lilikuwa jina la baba yake, na kwa sababu ya jina hilo watu wengi humdhania kuwa Mkristo, lakini alikuwa Mwislamu, akaishi na kufa katika dini yake. Asili ya ukoo wao ni Wayao, ila yeye mwenyewe alijihesabu kuwa Mswahili, na lugha hii aliipenda kama mtu anavyompenda mama.

Alikuwa mtoto wa miaka mitano tu vilipozuka Vita vya Kwanza vya Dunia, na mnamo Novemba, 1914 Waingereza waliteremsha majeshi yao Tanga wakashindwa vibaya. Lakini vita vilipokwisha bendera ilibadilika, na Waingereza ndio wakawa mabwana. Serikali mpya ilihitaji vijana wa kuisaidia kuandika barua zake na kuhesabu fedha zake. Mwaka 1922 Shaaban alipelekwa shuleni Dar es Salaam, akasoma huko mpaka 1926. Katika mtihani wa kumalizia alikuwa wa pili kati ya wanafunzi kumi na mmoja waliofaulu.

Naomba msomaji atue kidogo hapa. Kumi na mmoja ni hesabu ndogo mno. Kijana aliyekuwa wa pili katika kundi kama hilo, katika nchi kubwa namna ile, alikuwa na haki ya kutazamia makuu. Lau angalikuwa mtoto wa Kizungu, mlango wa chuo kikuu ungalikuwa wazi mbele yake. Yeye masomo yake ya shule yaliishia hapo. Yaliyobaki alijisomea mwenyewe, kitabu baada ya kitabu, akiwa mtu mzima mwenye kazi na jamaa ya kulisha.

FORODHANI

Mwaka huo huo wa 1926 aliajiriwa katika Idara ya Forodha, na katika idara hiyo alikaa hadi 1944, miaka kumi na minane. Sehemu ya utumishi huo aliifanyia Pangani. Wanaoijua Pangani wanajua kuwa hapo kale ilikuwa bandari ya sifa, mahali pa kuanzia misafara ya kwenda bara mpaka Umasaini. Misafara hiyo ilipita hata katika bonde hili ninaloishi mimi sasa. Lakini reli ilipojengwa kutoka Tanga, biashara ilihama, na Pangani ikabaki na majahazi yake na minazi yake. Hapo ndipo karani wetu alipokaa akiandika mizigo na ushuru, kinachoingia na kinachotoka.

Ili tuelewe hali yake hatuna budi kuielewa serikali aliyoitumikia. Utumishi wa serikali ya kikoloni uligawanywa kwa rangi za watu. Ngazi za juu zilikuwa za Wazungu, za kati aghalabu zilikuwa za Wahindi, na za chini zilikuwa za Waafrika. Kila kundi lilikuwa na mishahara yake. Mwafrika aliweza kupanda kutoka ukarani mdogo hadi ukarani mkubwa, lakini juu ya hapo palikuwa na dari, na dari hiyo haikutobolewa kwa bidii wala kwa akili.

Mfano ulikuwa pale pale Tanga. Alikuwako Martin Kayamba, karani hodari, ambaye mwaka 1922 aliasisi chama cha watumishi wa serikali wa Kiafrika, kikawakusanya Waislamu na Wakristo pamoja. Alipanda hadi kuwa karani mkuu wa ofisi ya wilaya, na mwaka 1932 akahamishiwa makao makuu ya serikali Dar es Salaam. Hakuna Mwafrika aliyekuwa na cheo kikubwa kuliko chake katika serikali ile. Hata hivyo hapo ndipo ulipokuwa ukingo, na Kayamba alifariki bila ya kuuvuka.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ilichunguza mishahara ya watumishi wake katika Afrika Mashariki. Tume ya Holmes, iliyofanya kazi hiyo mwaka 1947 na 1948, ilipendekeza kuwa asiye Mzungu, hata kama anafanya kazi ile ile anayoifanya Mzungu, apewe shilingi tatu pale ambapo Mzungu anapewa tano. Kanuni hiyo ikawa sheria ya mishahara, na haikuondolewa mpaka baada ya Tume ya Lidbury ya mwaka 1954. Wakati huo Shaaban Robert alikuwa amekwisha kutumikia miaka ishirini na minane.

Basi nilipoyafikiri hayo niliona tofauti kati yangu na yeye. Mimi nilirukwa mara moja, nikaona dunia imeniinamia. Yeye alirukwa kila siku kwa kanuni iliyoandikwa kabla hajaingia kazini.

KAZI YA USIKU

Sasa tuone alifanya nini. Angeweza kuwa mlevi, kama walivyokuwa makarani wengine waliovunjika moyo. Angeweza kula rushwa, kwani forodhani vishawishi havikosekani, na mtu anayejiona ameibiwa huona ni halali yake kuiba. Angeweza pia kuwa mtumwa wa mabwana, akijipendekeza ili atupiwe makombo. Hakuwa lolote katika hayo.

Aliifanya kazi ya serikali kwa uaminifu, akapokea ujira wake, na alipotoka ofisini akaanza kazi nyingine ambayo hapana bwana aliyeshika ngazi yake. Alituma mashairi kwa gazeti la Mambo Leo, lililochapishwa Dar es Salaam na serikali hiyo hiyo. Katika ukurasa wa mashairi hapakuwa na daraja la Mzungu na daraja la Mwafrika. Palikuwa na vina na mizani, na wasomaji walioweza kupima. Huko jina lake likapanda, na watu wa miji ambayo hajaifikia wakalijua.

Wakati wa vita alianza utenzi juu ya vita hivyo, na alipoumaliza ulikuwa na beti zipatazo 3,000. Hebu tuifikiri hesabu hiyo. Beti elfu tatu zimeandikwa kwa mkono na mtu ambaye mchana kutwa ameandika hesabu za watu wengine. Hakulipwa kwa ajili yake, wala hakuambiwa na mtu auandike, na haukupata kuwa kitabu mpaka mwaka 1967, miaka mitano baada ya kufa kwake.

Wala tusidhani kuwa nyumbani mambo yalikuwa laini. Mkewe wa kwanza, Amina, alifariki angali kijana, na shairi alilomwombolezea bado hutoa machozi ya wasomaji. Aliachiwa watoto wa kulea. Bintiye alimtungia utenzi wa mafunzo, na mwanawe akamtungia wake, akiwausia juu ya dini, heshima, kazi na ukweli. Nilipozisoma tenzi hizo safari hii nilistaajabu kuwa katika mafunzo yote aliyowapa watoto wake, cheo hakukifanya kipimo cha mtu. Na aliyeandika hivyo si mtu mwenye cheo anayewaambia maskini wasitamani. Ni mtu aliyenyimwa.

MPWAPWA

Mwaka 1944 aliondoka Forodha akaenda Mpwapwa, katika Idara ya Mifugo. Kwa mtu wa pwani safari hiyo haikuwa ndogo. Mpwapwa iko Ugogoni, nchi kavu ya ng'ombe na mibuyu, mbali na bahari. Katika kitabu chake ameisimulia safari hiyo, na jinsi ubaguzi wa rangi ulivyomfuata hata njiani, yeye msafiri mwenye nauli yake.

Sehemu hiyo niliisoma mara tatu. Nilikuwa nimekaa nje ya chumba changu Kamere, nimejifunika shuka, upepo wa ziwa ukivuma. Jirani zangu hapa ni Waluo, Waluhya, Wakisii na Wakikuyu, watu wema, lakini hakuna hata mmoja ambaye ukimtajia Pangani au Vanga anainusa harufu ya ngalawa. Upweke wa mtu wa pwani aliye bara, tena aliyevunjiwa heshima, naujua. Yeye huko Mpwapwa alikaa hadi 1946, na upweke huo aliugeuza kuwa nafasi ya kuandika.

Mwaka 1946 alirudi Tanga katika ofisi ya wilaya, akakaa hapo hadi 1952. Kisha akahamishiwa Idara ya Upimaji, pale pale Tanga, akafanya kazi humo hadi alipostaafu mnamo 1959. Forodha, mifugo, wilaya, upimaji: idara nne, na kalamu ile ile ya karani. Wakuu wake wa kazi walikuja kutoka Uingereza, wengine vijana wadogo kuliko yeye, wakakaa, wakapandishwa vyeo, wakaondoka. Yeye alibaki akiwapokea na kuwaaga.

Lakini tazama yaliyotokea nje ya ofisi katika miaka hiyo hiyo. Mashairi yake yalichapishwa Johannesburg, katika kitabu cha Pambo la Lugha. Kusadikika kilitoka mwaka 1951 na Adili na Nduguze mwaka 1952. Alimwendea Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja, karibu na mwisho wa maisha ya bibi huyo, akayakusanya masimulizi yake, akamwandikia wasifu. Sidhani kuwa alimchagua Siti kwa bahati tu. Siti alizaliwa katika unyonge, akauza vyungu, akadharauliwa kwa nasaba na kwa sura, na baadaye sauti yake ikasikika katika santuri Afrika Mashariki nzima. Karani asiyepandishwa alimjua mwenzake.

WAJUMBE WA KUSADIKIKA

Wako watakaosema kuwa subira ya namna hii ni unyonge, kwamba Shaaban Robert alinyamaza mahali alipopaswa kusema. Hata mimi niliwahi kufikiri hivyo. Nawaomba wenye rai hiyo wakisome tena Kusadikika.

Hadithi inahusu nchi inayoelea angani. Kijana Karama anashitakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha watu sheria. Anapopewa nafasi ya kujitetea hajisemei yeye. Anawakumbusha wazee wa baraza habari za wajumbe sita waliotumwa zamani na nchi yao: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Mmoja alitumwa mashariki, mwingine magharibi, wengine kaskazini na kusini, na wengine mbinguni na ardhini. Kila mmoja alipata taabu kubwa njiani, kila mmoja alirudi na mashauri ya kuifaa nchi, na kila mmoja alitupwa gerezani badala ya kushukuriwa.

Nilipokuwa mwanafunzi nilidhani kuwa ni hadithi ya watu wa angani. Safari hii niliona ofisi. Niliona mtumishi anayetumwa, anayefanya zaidi ya alivyotumwa, na anayelipwa kwa dharau. Na mwandishi alikitoa kitabu hicho akiwa bado ni karani wa serikali, ofisi yake ikiwa chini ya Mzungu. Mwaka 1953 serikali iliwakataza watumishi wake wasijiunge na vyama vya siasa, na karani mwenye jamaa hakuwa na jukwaa la kusimama. Jukwaa la Shaaban Robert lilikuwa hadithi. Mwisho wake Karama anaachiliwa pamoja na wale wajumbe wote, kwa kuwa baraza limesikia kweli ikisemwa kwa utulivu.

Huo ndio ubingwa wa mtu huyu, kwa maoni yangu. Hakusema kuwa dhuluma si dhuluma. Aliitaja, tena mbele ya wenyewe, lakini hakuiruhusu impake sumu.

Waislamu tunao mfano mwingine unaofanana na huo. Khalid bin Walid, shujaa aliyeshinda vita vikubwa, aliondolewa katika uongozi wa majeshi ya Sham na Sayyidna Umar, na nafasi yake akapewa Abu Ubayda. Khalid hakuliacha jeshi wala hakuligawa. Aliendelea kupigana chini ya yule aliyewekwa badala yake. Tofauti ni kwamba Sayyidna Umar alikuwa kiongozi mwadilifu mwenye sababu zake, ilhali aliomtumikia Shaaban Robert hawakuwa na sababu ila rangi. Lakini kwa upande wa mtumishi mtihani ni mmoja: amana uliyopewa ni ya nani, ya bwana wako au ya Mola wako?

MWISHO WA SAFARI

Sitaki kuupamba mwisho wa maisha yake. Serikali ilimpa nishani ya MBE, naye alipata pia tuzo ya Margaret Wrong kwa uandishi wake. Hizo ni heshima, lakini nishani haimlipii mtu miaka yake. Alipostaafu alijaribu kuchapisha mwenyewe baadhi ya vitabu vyake pale Tanga, jambo ambalo lilihitaji fedha kuliko pensheni ya karani. Alipata kuiona Tanganyika ikipata uhuru tarehe 9 Desemba, 1961. Miezi sita baadaye, Juni, 1962, alifariki, umri wake ukiwa miaka hamsini na mitatu. Dari la rangi lilikuwa limeondoka, ila yeye hakupata muda wa kusimama wima chini ya paa jipya.

Vingi katika vitabu vyake vikubwa vilitoka baada ya hapo. Utubora Mkulima kilitoka mwaka 1968. Humo tunamkuta mtu anayefanya kazi ya ofisi, ambaye tajiri wake angependa kumzuia, lakini anaiacha kazi hiyo akaenda kulima shamba. Nahisi kuwa karani wa Tanga alimpa Utubora uhuru ambao yeye mwenyewe hakuwa nao. Leo hii Dar es Salaam iko shule yenye jina lake, na uko mtaa wenye jina lake. Wakuu wa forodha, wa mifugo na wa upimaji waliokaa juu yake hatuwajui majina. Wakikumbukwa ni kwa sababu Shaaban Robert alikaa katika ofisi zao.

Lakini tusijidanganye tukadhani kuwa kila anayerukwa atakuwa Shaaban Robert. Mimi siwezi kutunga hata tarbia moja ikasimama. Somo nililolipata ni dogo kuliko hilo, na nadhani linamfaa mtu yeyote. Ofisi inaweza kumnyima mtu cheo, na inaweza kumdhulumu, lakini haina uwezo wa kumfanya mbaya mpaka yeye mwenyewe aisaidie.

Na mimi nilikuwa nimeanza kuisaidia. Hili ndilo jambo baya nililoahidi kulieleza. Katika stoo yetu kulikuwa na dawa za kupulizia maua zilizokaribia kupitwa na muda wake, nami peke yangu nilijua ziko rafu gani, na kwamba zilipaswa kutumika kabla ya zile mpya. Yule kijana hakujua. Mimi nilinyamaza, nikingoja zimharibikie aonekane hafai. Kila siku niliingia, nikazipita, nikatoka. Na kila siku niliswali.

Usiku nilipomaliza kusoma habari za Mpwapwa sikulala vizuri. Asubuhi nilimchukua kijana yule nikampeleka kwenye rafu, nikamwonyesha dawa na tarehe zake. Alinitazama kitambo, akanishukuru, akaniita mzee wangu. Hakuuliza kwa nini nilichelewa, nami naamini alijua. Siku hiyo hiyo niliandika barua kwa wakuu wa shamba, nikauliza kwa adabu sababu ya kurukwa, kwani kusubiri si kukaa bubu. Jibu lilikuja baada ya majuma mawili: walitaka mtu mwenye cheti cha chuo na ujuzi wa kompyuta. Sikuridhika nalo, lakini angalau sasa nalijua, na kompyuta najifunza. Anayenifundisha ni kijana yule yule.

Jioni nilimpigia mke wangu nikamwambia kweli. Alinijibu kuwa alikwisha kujua tangu juma la kwanza, kwa sababu si mimi peke yangu mtu wa Vanga niliye Kamere mwenye simu. Akaongeza kuwa alipoolewa, aliolewa na karani, na hakumbuki kudai msimamizi.

Mpaka leo cheo sijakipata. Jioni, baada ya kazi, nimeanza kuandika katika daftari majina ya majahazi ya Vanga na manahodha wake, kama nilivyowasikia wazee wakiyataja. Yamefika arubaini na matatu. Msomaji aliye Vanga, Shimoni au Moa, ambaye bado ana mzee wa kumwuliza, namshauri amwulize sasa, kabla ya mzee huyo hajaondoka na majina yake.